Kumtoa mtu maskani mpaka asimame mwenyewe: mwongozo kamili kwa familia za Mombasa

Ramadhani ikikaribia simu yangu haipumui. Mama wa Mtopanga anapiga, ami wa Kibokoni anapiga, dada alioko Qatar anapiga WhatsApp saa nane usiku, na wote neno ni moja, kijana amesema mwezi huu anaacha unga, yaani heroini, anatoka maskani wanakovutia, sasa nimpeleke wapi. Mimi nami huuliza, yeye yuko wapi saa hii, na ashashikwa na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, ama bado?

Niseme mapema mimi si daktari wala si mfanyikazi wa shirika lolote, mimi ni wa kusindikiza tu, nakaa na watu kwenye bechi wakisubiri. Lakini kwenye bechi watu huongea, na nshaona wa kutosha kujua kwamba mashirika yetu yana msaada mwingi kuliko familia nyingi zinavyofikiria, shida ni watu wanauchukua kwa kuruka ruka. Wanaanza na pesa ya biashara, halafu ndo wakumbuke kipande, yaani kitambulisho, halafu ndo hospitali. Mpangilio ninaoujua mimi ni mwili kwanza, karatasi zifuate, kisha mahali pa kulala, kazi mwisho. Ntauandika hivo hivo.

Hatua ya 1: Ongea naye saa ambayo anaweza kusikia

Mtu wa heroini akikaa masaa 6 mpaka 12 bila kupata, arosto inaanza: miayo, makamasi, jasho la baridi, mifupa kuuma, tumbo kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndo mbaya zaidi. Ukimwendea saa hiyo na mawaidha hakusikii, anasikia mifupa yake tu, na ukimwendea akiwa ashatumia sana anasinzia mbele yako. Kuna nafasi katikati hapo, ashatuliza mwili lakini macho yako wazi, wengi huwa asubuhi baada ya kete ya kwanza ya unga, nenda hapo. Najua yauma kumngojea mtoto wako amalize kuvuta ndo muongee, lakini ndo ukweli wa mambo.

Usiende na jeshi, nenda mmoja anayemheshimu. Saa ingine si babake, ni halati yake aliyemlea ama ni rafiki aliyekuwa naye maskani akatoka, na huyo wa mwisho ana nguvu kuliko sisi wote, ndo maana mashirika huajiri watu waliotoka huko huko wafanye kazi ya autrichi, yaani kuwafuata wenzao maskani, kuwasafisha vidonda, kuwapa maneno, kuwajua kwa majina. Ukitaka njia rahisi tafuta hao watu wa autrichi mtaani kwenu. Waulize vijana wa tuktuk steji ya karibu, wanawajua.

Swali la kumuuliza ni moja, "wataka nini kibadilike kwanza?" Usishangae akikwambia ni kidonda cha mguu. Anza na kidonda. Mtu anayeona umeshughulikia mguu wake atakuamini ukimtajia kliniki.

Na kama shida yake ni pombe, iwe mnazi ama chang'aa, ya kila siku tena nyingi, usimfungie ndani ati aache ghafla. Arosto ya heroini inatesa lakini mara nyingi haiui yenyewe, ya pombe inaweza kumletea kifafa na kumuua. Huyo ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 2: Chagua shirika, na ulikague

Hapa Mombasa majina mawili ambayo yako kitambo kwenye kazi hii ni Reachout Centre Trust na MEWA, yaani Muslim Education and Welfare Association. Walioko kaskazini wana Omari Project kule Malindi. Kama hujui pa kuanzia kabisa piga 1192, ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na madawa na pombe, na haina malipo, wanakuelekeza.

Dropin senta, yaani ile nyumba ya mchana ya shirika, ukiingia mara ya kwanza usitegemee hospitali inayong'aa. Kuna mahali pa kuoga, pa kufua, chumba cha vipimo, mshauri nasaha, na watu wengi wamekaa tu. Familia nyingi huona hapo ni pa wavivu wanageuka wanatoka. Subiri kwanza! Mtu ambaye amelala barazani mwaka mzima kitu cha kwanza kinachomrudisha ni maji ya kuoga na jina lake kuitwa vizuri. Siku hiyo ya kwanza anafunguliwa faili, na kuanzia hapo ana mtu maalum wa kumfuatilia, mjue mtu huyo, chukua nambari yake, muulize akitoweka utapiga simu kwa nani.

Sasa rihabu za kulala ndani ndo unatakiwa kufungua macho. Kila mtaa siku hizi kuna nyumba ina geti jeusi inaitwa rihabu. Nyumba ya kutibu watu wa madawa inatakiwa iwe imeidhinishwa na NACADA, omba kuona hicho cheti, na shirika lenyewe liwe limesajiliwa. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo wenye kufanya kazi kihalali wanajua unachouliza na hawakasiriki. Mimi nina jamaa yangu alipelekwa nyumba moja, siitaji jina, walimfunga mnyororo mguuni siku tisa wakasema ndo dawa, familia ikalipa na pesa juu. Alitoka na alama ya mnyororo na siku ile ile alirudi maskani. Kwa hivyo ukisikia mnyororo, viboko, hakuna kumtembelea miezi mitatu, ama dawa ya kuponya kwa siku saba, mchukue mtu wako muondoke.

Hatua ya 3: Mwili

Hii ndo hatua ndefu kuliko zote, usiikimbize.

Vipimo kwanza. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, homa ya ini B na C, kwa mtu aliyekuwa akijidunga hivi haviachwi. Dawa za virusi na za TB hospitali za serikali ni bure. TB ya kawaida ni dawa miezi 6 bila kukatiza, na mtu anayelala maskani hawezi kumaliza miezi 6 peke yake, hapo ndo watu wa shirika wanasaidia kwa kumfuata alipo. Mwandikishe SHA pia, ile bima ya afya ya serikali, unaweza kwa simu *147#, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ukishaandikishwa huduma za zahanati na vituo vya afya zinakuwa zimegharamiwa na serikali. Tatizo inataka kitambulisho, hilo twalifikia.

Methadoni sasa. Nimechoka kusikia kwamba ni kubadilisha unga kwa unga, hata msikitini nshaisikia. Methadoni ni dawa ya maji ya kunywa, inakaa mwilini siku nzima na zaidi, inazuia arosto na ile kiu bila kumlewesha mtu. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 kule hospitali ya Mathari Nairobi, halafu Pwani ikafuata, Malindi na Kisauni. Kwenye kliniki za serikali haiuzwi. Mtu hapewi kwa kujitokeza tu dirishani, lazima apitie shirika, ahudhurie vikao vya matayarisho, daktari ampime, apimwe mkojo, akubali kwa sahihi yake mwenyewe. Kwa hiyo mama, ukienda Kisauni peke yako kumchukulia mwanao utarudi bila kitu, anza na shirika.

Akianza anapewa kidogo, dozi inapandishwa pole pole. Wiki ya kwanza anaweza kuhisi haimtoshi, na hapa wengi huharibu, anakunywa methadoni asubuhi jioni anaongezea unga ama vile vidonge vya usingizi, bugizi, ama pombe. Vikikutana hivyo pumzi inakata usingizini. Mwambie hivo hivo wazi wazi, akisikia haimtoshi arudi kwa daktari apandishiwe.

Ni kila siku. Jumapili, Idi, Krismasi, mvua ya Mei barabara imejaa maji, kila siku anainywa mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo asidanganye ati alikunywa jana, mwili unapoteza uzoefu upesi na ile dozi aliyokuwa anaimudu inaweza kuwa sumu, kwa hivyo hushushwa aanze upya. Sasa piga hesabu ya nauli. Mtu wa Likoni avuke feri, apande matatu mbili mpaka Kisauni, arudi, kila siku, na hana kazi. Nimeona watu wakianguka kwa ajili ya nauli tu, wala si hamu ya unga. Kama familia ama jamaa wa zaka wanauliza wasaidie vipi, nawaambia lipeni nauli ya miezi mitatu, na msimpe mkononi, mlipeni mtu wa tuktuk kwa wiki ama mtafuteni chumba karibu na kliniki.

Kwa wanawake. Akiwa na mimba asiache heroini ghafla, arosto kali inaweza kuharibu mimba, methadoni ndo inayopendekezwa na kliniki inajua la kufanya, apelekwe haraka. Wanawake pia hujificha zaidi, wanaogopa kunyang'anywa watoto, na dropin yenye wanaume mia wamekaa mlangoni hawezi kuingia. Uliza kama kuna siku ya wanawake peke yao ama mhudumu wa kike wa kumwendea. Na kama amepigwa ama amebakwa, saa zinahesabika: dawa ya kuzuia virusi ianze ndani ya masaa 72, ya kuzuia mimba ndani ya masaa 120, asioge kabla ya kuonekana na daktari. Hospitali ya Makadara, yaani Coast General, kuna kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Laini ya bure ni 1195, na kama ni mtoto ni 116.

Hatua ya 4: Jifunze kumwokoa kabla hujahitaji

Ukoo mzima ujue hii. Mtu aliyezidisha anakoroma vibaya kama anayekabwa, midomo inageuka rangi, kucha pia, ukimwita haitiki, pumzi ni moja moja ama hakuna. Usimmwagie maji, usimpe maziwa, usimdunge chumvi, hizo ni hadithi za maskani. Ita msaada, mpulizie pumzi kama unajua, na akiwa anapumua mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Dawa inayomzindua ni naloksoni, mashirika na kliniki wanayo, waulize mtaani kwenu nani anakaa nayo. Akizinduka usimwachie aondoke, naloksoni inaisha nguvu pengine kabla ya heroini kuisha, anaweza kuzama tena baada ya saa moja hivi. Kaa naye hata akikutukana, na atakutukana, manake umemwamsha ndani ya arosto.

Wakati wa hatari zaidi ni ule familia inasherehekea: ametoka jela ya Shimo la Tewa, ama ametoka rihabu miezi mitatu, mwili ni safi. Akirudia kipimo kile cha zamani mara moja tu kinamuua. Vifo vingine tulivyozika mtaani vilikuwa vya watu "walioacha".

Hatua ya 5: Karatasi

Bila kipande hakuna laini ya simu kwa jina lako, bila laini hakuna M-Pesa, bila M-Pesa hata kibarua cha siku anakulipa vipi? Na wengi wao kipande kiliwekwa rehani kwa muuzaji miaka ileee, ama kilizama na suruali baharini.

Kama alikuwa nacho kikapotea, nambari yake bado iko kwenye mtandao wa serikali, ripoti ya polisi kwanza, halafu Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Kama hakuwahi kuwa nacho, kuna safari: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, chifu. Na wewe wajua watoto wa Pwani, hasa wenye majina ya kiislamu, wanaulizwa mpaka nyanya alizaliwa wapi. Nenda naye, usimtume. Nilishakaa na kijana mmoja kwenye foleni, amevaa shati langu, karani akamwangalia meno yake akamwambia arudi kesho, na kesho, siku ya tatu nikaingia mimi nikauliza kwa adabu shida ni gani. Ilichukua dakika kumi.

Kama ana kesi ama waranti ya zamani usimfiche, itamkuta siku anayopata kazi. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na wanasaidia wasio na uwezo, akina mama kuna FIDA, wale mawakili wa kike, na Muhuri, wa haki za binadamu, pia wako kama ni mambo ya polisi. Cheti cha tabia njema, kile cha DCI, polisi wa upelelezi, kiache mpaka mwajiri akiulizie, kina ada na muda wake wa kuisha.

Hatua ya 6: Kulala wapi, na nani

Turudi nyumbani kwa mama, ndo fikra ya kwanza. Saa ingine yafaa, saa ingine nyumbani kwa mama ni hatua ishirini kutoka maskani. Kabla hajarudi, kaeni kikao na mhudumu wa shirika awe katikati, si mshike mtu mumhukumu, ni makubaliano: geti linafungwa saa ngapi, simu ya nani inauzwa ikipotea (utani, lakini lazima liongelewe), nani anashika dawa, nani anampeleka kliniki akiugua. Waliibiwa watu hapo. Kuna dada aliuza mahamri miaka miwili akanunua kabati, kakake akaliuza kwa siku moja, huyo dada huwezi kumwambia asamehe kwa sababu tu shirika limeandika ripoti nzuri. Mpe nafasi akasirike. Mashirika yenye akili yana vikao vya familia, nenda hata kama umechoka, nenda hasa kama umechoka.

Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18 aliyeko mitaani hiyo ni njia ingine kabisa, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ndo inaanza, na siku hizi serikali inasukuma watoto warudi kwa familia badala ya kukaa vituoni. Usimchukue mtoto wa watu ukamweka kwako kwa huruma, utajikuta polisi.

Hatua ya 7: Kazi, na kwa nini isije mapema

Mtoto wa halati yangu alipotimiza wiki mbili kliniki sisi tulifurahi tukachanga. Tukamnunulia mkokoteni, mitungi ya maji, na stoku ya sigara na peremende. Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa baada ya swala nilipita nikaona mkokoteni unasukumwa na mtu simjui. Tuligombana sana, lakini kusema ukweli tulimpa mtu wa wiki mbili pesa mkononi kila siku, kete iko hapo hapo kona, tulitarajia nini? Alirudi kliniki baada ya miezi saba, na safari hii hatukumnunulia kitu, tulimpeleka kwa fundi wa viti akae tu, apige msasa, alipwe chakula.

Ndo ninavyoshauri sasa. Miezi ya kwanza kazi ya mikono isiyo na pesa nyingi, mahali mtu atagundua asipokuja. Dozi ikitulia, mara nyingi ni miezi, ndo aingie kujifunza kitu. Mashirika mengine wanalipia kozi, kushona, kinyozi, kuchomelea vyuma, na kama tayari anajua kazi lakini hana cheti, NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wana mtihani wa ufundi unaanza Gredi ya 3, anapima ujuzi wake hata kama hakuingia darasa. Bodaboda asianzie hapo, dozi ikiwa bado inapandishwa usingizi humjia. Mwenye ulemavu aulizie APDK, shirika la watu wenye ulemavu, hao ndo wenye ile karakana ya Bombolulu iliyoanza 1969.

Mtaji ukija uje kama vifaa, halafu kidogo kidogo, halafu chama. Watu kumi wanaotoka safari moja wakiweka hata shilingi 50 kwa siku wanaangaliana kuliko sisi tunavyoweza kuwaangalia. Mikopo ya simu na Hustler Fund ataiona, mwambie aipishe mwaka wa kwanza, deni ni stresi na stresi yake yeye ina dawa moja anayoijua.

Hatua ya 8: Atakaporudi nyuma

Nimeandika atakaporudi, sikuandika akirudi. Wengi hurudi mara moja ama tatu. Siku hiyo usimfukuze kabla hujapiga ile nambari uliyoichukua hatua ya pili, kliniki hawashangai, wanajua la kufanya, kitu wanachotaka ni arudi mapema kabla hajakosa dozi nyingi. Mwambie mlango wa nyumba una masharti yake lakini wa kliniki ende hata akiwa amelewa aibu.

Basi kesho asubuhi, kama umeshaamua: mtoke saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, beba maji, mahamri ya kutosha wawili maana mtakaa, shati safi, picha ya kipande chako wewe, nauli ya kwenda na kurudi uishike mwenyewe. Na simu uichaji, manake njiani mtu wa maskani atamwita kwa jina, na wewe utataka kumpigia yule wa autrichi aje awachukue steji.